Huwaka Nikiteremka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta paa liko wazi. Mjomba alikuwa ameng'oa bati lililooza juu ya shimo la gereji ili aweke jipya, na mvua haikumsubiri hata amalize chai. Tulikimbiza kwanza mashine ya kupimia, kisha betri za wateja, ndipo tukakumbuka kwamba Mjomba mwenyewe bado yuko juu ya ngazi.

"Nashukuru kwa mapenzi yenu," alisema alipofika chini, maji yakimchuruzika puani.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Mvua za mwaka jana zilipita na sikumbuki kitu isipokuwa matope. Basi nianze na sisi. Gereji ni ya Mjomba, aliyenilea mimi na mdogo wangu tangu mama yetu afariki. Mdogo wangu ni muuguzi katika hospitali ya mlimani. Mimi ndiye ninayeshika mashine: nachomeka waya wake chini ya usukani, inaniambia gari linalalamikia nini. Wateja wananiita Dada wa Mashine. Mwanzoni nilikasirika. Sasa nikiitwa jina langu sigeuki.

Alhamisi, 6 Machi

Limekuja basi dogo la wauguzi, lile linalowapandisha kina mdogo wangu hospitali na kuwateremsha zamu ikiisha. Dereva wake anaitwa Polepole, na jina hilo halijamwonea. Mtu akimpita kwa miguu hashangai. Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa ya njano, ile ya mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki ghafla. Mashine ikaniambia mara moja: sensa ya gurudumu la nyuma, kushoto. Tukaitoa, imejaa matope na waya umechubuka. Tukaweka nyingine, nikafuta kosa, taa ikazimika. Kazi imeisha kabla ya mchana.

Polepole aliikodolea macho dashibodi kama mtu anayeagana na ndugu. "Una hakika, dada?"

"Mimi sina hakika. Mashine ndiyo ina hakika."

Nilijiona nimesema kitu cha maana sana.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Magari manne yenye maji kwenye taa za mbele. Hakuna jipya.

Ijumaa, 14 Machi

Polepole karudi. Sasa anasema ni taa nyekundu, ya breki yenyewe.

Nikamwambia awashe. Taa zote zikawaka kama inavyopaswa ufunguo ukizungushwa, kisha zikazimika zote, na ile nyekundu pia. Nikachomeka mashine. Hakuna kosa lolote, safi kabisa.

"Huwaka nikiteremka," akasema. "Nikipanda haiwaki. Nikifika chini kwenye daraja inazimika. Nikija kwenu, ndiyo kama hivi, inajifanya malaika."

"Mashine haioni kitu."

"Mashine yako haijawahi kuteremka mlima ule."

Fundi mwenzetu wa bodi alicheka mpaka spana ikamtoka. Mimi sikucheka. Mjomba alifungua boneti, akatazama kopo la mafuta ya breki. Yalikuwa yamepungua kidogo lakini yako juu ya mstari. Akaongeza. Akaingia chini ya gari na tochi, akatoka amelowa mgongo mzima. "Huko chini kote ni maji na matope," alisema. "Sioni panapovuja." Pedi bado nene. Tukamwachia aende.

Jioni nilimwambia Mjomba kwamba Polepole ni mwoga, na uoga unaona taa hata gizani.  Alikuwa anapangusa tochi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimekula mara mbili tu na zote nimesimama. Msimu huu kila gari linaugua.

Alhamisi, 20 Machi

Karudi tena. Taa ile ile, mteremko ule ule. Mjomba safari hii alimwambia wazi: "Niachie gari siku nzima. Nataka lioshwe, likauke, ndipo nilitazame chini."

Polepole akachezea kofia yake. "Siwezi. Mwenye gari hataki lilale."

Mwenye gari ni mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, lakini nitamtendea haki: basi hilo ndilo pekee alilonalo, na hospitali imeshamwonya kwamba likikosa zamu moja watatafuta mwingine. Alikuja mwenyewe saa sita, mwavuli mkononi, viatu amevifunika mifuko ya nailoni. Kumbe wauguzi wamemlalamikia kuhusu taa hiyo. Aliyewaongoza ni nani kama si mdogo wangu!

"Fundi, abiria wangu wanaogopa balbu," alimwambia Mjomba. "Balbu! Wanashona watu matumbo na hawaogopi." Kisha akamgeukia Polepole. "Na wewe, hiyo taa ikiwaka tena nitatafuta dereva asiyeona taa."

Akamwomba Mjomba waongee ofisini. Mlango ukafungwa. Ofisi yetu ni mbao tupu, kila kitu husikika, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na sikuambulia neno. Walipotoka, mama yule alikuwa anatabasamu. Mjomba hakuwa anatabasamu.

Jumamosi, 22 Machi

Basi la wauguzi lililetwa asubuhi, vifuta kioo vimegoma. Nilikwenda kununua fyuzi. Niliporudi nilimkuta Mjomba peke yake ndani, dashibodi imefunguliwa, kichwa kimezama nyuma ya usukani.

"Unahitaji mashine?" nikamuuliza.

"Sihitaji," akasema haraka. Haraka mno.

Jumatano, 26 Machi

Polepole hajaonekana. Mvua haijakata tangu jana.

Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu alikuja kula kwetu. Mkaza mjomba wangu, ambaye kwake mgeni asiposhiba ni kesi, alimjazia sahani mara tatu. Nikamuuliza habari za taa.

"Imepona," akasema. "Wiki nzima haijawaka. Tunateremka tunaimba."

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa anakata kipande cha mkate vipande vidogo vidogo, kama anamkatia mtoto.

Nilipaswa kufurahi. Gari haliponi lenyewe. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona gari lililopona kwa kupumzika, sembuse ambalo halikupumzika. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa naogopa kuuliza swali ambalo jibu lake liko mezani kwetu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barabara ya chini imeanza kuliwa na mto. Mjomba ana kikohozi. Tunaongea kuhusu kazi tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeota dashibodi. Hata ndotoni silipwi.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika ya jana. 

Tulikuwa nyumbani kwa Mjomba, chakula cha mchana, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Simu yangu ikalia: video kutoka kwa mdogo wangu. Muuguzi mwenzao anasherehekea siku ya kuzaliwa, wamemwimbia ndani ya basi asubuhi kabla ya kuondoka. Mdogo wangu alikaa mbele, kwa hiyo nyuma ya kichwa cha mwenye sherehe unamwona Polepole akizungusha ufunguo. Nilikuwa nacheka. Halafu nikaacha.

Nikairudisha video. Nikaitazama tena nikiwa nimeisimamisha pale pale.

Ufunguo ukizungushwa taa zote lazima ziwake kidogo kisha zizime. Ndivyo gari linavyokuonyesha kwamba balbu zake ni hai. Ya injini iliwaka. Ya betri iliwaka. Ya njano iliwaka. Mahali pa ile nyekundu ya breki palikuwa peusi.

Taa haikupona. Imenyamazishwa.

Niliweka simu mbele ya Mjomba, juu ya sahani yake kabisa. "Hii ndiyo kazi uliyokuwa unafanya Jumamosi ile, baada ya kujifungia ofisini na mama mwenye gari?"

Alitazama. Akatazama tena. Uso wake ulibadilika rangi.

"Mwanangu, nani kaitoa?"

"Unaniuliza mimi? Uliniambia huhitaji mashine! Mdogo wangu anapanda gari lile kila siku, Mjomba. Mtoto uliyemfundisha kutembea!"

Mkaza mjomba alishika mdomo. Sijawahi kumpandishia Mjomba sauti maishani mwangu, na jana nilimpandishia mpaka mtungi wa maji ulitikisika kwa ngumi yangu. Yeye alishainuka, anavaa koti la mvua.

"Nihukumu baadaye," alisema. "Sasa hivi mpigie dereva."

Simu ya Polepole ilikuwa imezimwa. Huizima akiendesha, ndiyo kanuni yake. Ya mdogo wangu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga hospitali, nikabahatisha mtu wa mapokezi. "Basi la zamu? Limeshatoka getini, dada."

Tulikimbilia pikapu. Mjomba aliendesha, mimi napiga simu, napiga, napiga. Vifuta kioo havikufua dafu. Njiani hakusema ila neno moja, "Mafuta," na mimi nikaelewa wakati huo huo, na kuelewa kwenyewe kulinichoma. Kopo la mafuta ya breki lina kielea ndani. Mafuta yakipungua kidogo na gari likainama mteremkoni, yanakimbilia mbele, kielea kinashuka, taa inawaka. Kwenye tambarare yanatulia, taa inazima. Na sakafu ya gereji yetu ni tambarare. Tulikuwa tunalipima gari mahali pekee ambapo haliwezi kusema. Mafuta yalikuwa yanavuja mahali fulani, na mvua ilikuwa inaosha kila tone kabla hatujaliona.

Tulipofika chini ya mlima, upande wetu wa mto, tulikuta foleni ya magari yaliyoteremka. Mto umepanda juu ya daraja na magari yamesimama yakisubiri, moja nyuma ya jingine, mpaka mwisho wa mteremko. Ndani ya magari hayo watu wamefunga vioo, wanapiga soga.

Mjomba alitazama foleni, akatazama juu mlimani. "Shuka," akaniambia. "Watoe wote."

"Na wewe?"

"Watoe, nimekwambia!"

Nikaruka. Nilianza na gari la mwisho, nikapiga kioo kwa kiganja. "Tokeni! Gari linakuja halina breki! Pandeni ukingoni!" Wengine walitoka bila viatu. Bwana mmoja wa suti alishusha kioo upana wa kidole. "Katika mvua hii?" akaniuliza. Nikafungua mlango wake, nikamvuta kwa tai. Simjui, na kama anasoma ajue kwamba siombi radhi.

Halafu tukasikia honi. Ilikuwa honi moja ndefu isiyokatika, inakuja na kona.

Basi lilitokea juu likiwa limewasha taa zote za dharura, injini inalia kwa gia ndogo kama inataka kupasuka. Polepole alikuwa amelibana upande wa ukuta wa udongo. Linaugusa ukuta, linachimba, udongo unaruka, linapungua mwendo. Ukuta unakatika, linapata mwendo tena. Niliona nyuso kwenye vioo. Sikuuona uso wa mdogo wangu, nikawaza kwamba labda leo hakupanda, na papo hapo nikajua kwamba amepanda.

Mjomba hakuwa ametoka kwenye pikapu. Aliigeuza ikatazama foleni, akaisimamisha mbali na gari la mwisho, akaacha nafasi katikati. Nilidhani amekwama, nikapiga kelele jina lake, jina lenyewe, si Mjomba. Basi lilipokaribia aliondoka. Aliondoka taratibu mbele yake, akilitazama kwenye kioo, akaliacha limfikie, likamgonga matakoni, chuma kwa chuma, kisha akakanyaga breki zake zote. Vikasukumana hivyo viwili, magurudumu ya pikapu yamekwama yanateleza kwenye matope, moshi na maji, mpaka vikasimama. Kati ya pikapu na gari la mwisho ungeweza kupitisha mkono tu.

Honi iliendelea kulia. Polepole alikuwa ameiegemea.

Hakufa mtu. Naandika tena ili nilione: hakufa mtu. Mdogo wangu amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Alitolewa dirishani, analia na wakati huo huo anaamuru wenzake nani abebwe vipi. Polepole mguu wa kulia ulibanwa chini ya usukani, umevunjika vibaya. Mjomba amepasuka kipaji cha uso na shingo haigeuki. Kabla hawajamfunga bandeji aliingia chini ya basi, damu inamwagika, watu wanamvuta miguu atoke. Alitoka akaniambia: "Bomba la nyuma. Kutu imelila pale linaposhikwa na kibano."

 Nilikuwa bado namchukia, na nilikuwa nataka kumkumbatia, na sikujua lipi lianze.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkaguzi wa magari amekuja na askari wawili. Wamefungua dashibodi ya basi mbele yetu. Balbu ya taa nyekundu haimo, tundu tupu.

"Nani aliwahi kufungua hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema Mjomba. "Jumamosi moja, kwa ajili ya vifuta kioo."

"Na balbu?"

"Sikuitoa."

"Nani aliitoa?"

Mjomba akanyamaza. Mkaguzi akanitazama. Nikatazama chini.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwenye gari ameandikisha maelezo kwamba gereji ndiyo iliyochezea taa. Wametufungia. Kuna utepe kwenye lango na kufuli lisilo letu. Fundi wa bodi amekuja akasimama nje, akaondoka na kisanduku chake cha chakula bila kukifungua.

Mkaza mjomba amenivuta jikoni. "Ulimwuliza?"

"Nimwulize nini? Aliulizwa na mkaguzi."

"Aliulizwa na mkaguzi. Wewe ulimwambia, hukumwuliza." Akarudi kuosha vyombo kwa kelele kuliko lazima.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwuliza. Alikuwa kitandani, kola ya shingo inamfanya aonekane mtu mwenye majivuno.

"Si mimi," akasema.

"Unamjua aliyefanya?"

"Namdhania."

"Kwa nini humtaji?"

"Kwa sababu namdhania. Na kwa sababu amelala na vyuma mguuni, hawezi hata kusimama ajitetee."

 Kwa hiyo ni Polepole. Mtu aliyerudi kwetu mara mbili akilia kuhusu taa ile, ndiye aliyeitoa. Sikuielewa kabisa, nikakasirika upya, safari hii kwa mtu mwingine. Naona nimekuwa hodari wa kukasirika. Mtu akinichomeka waya sasa hivi, mashine itatoa orodha ndefu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilipanda hospitali kwa miguu nikiwa nimepanga maneno yote. Nitamwambia Polepole aseme ukweli, nitamwambia kuhusu kufuli langoni, kuhusu fundi wa bodi na watoto wake. Nilimpitia kwanza mdogo wangu, anayetaka kurudi kazini na mkono kwenye kitambaa, kisha nikaenda wodi ya wanaume.

Mjomba alikuwepo. Sijui alifikaje na shingo ile. Alikuwa amekaa kando ya kitanda na bakuli la maji ya moto, anamnyoa Polepole ndevu. Nusu ya uso ina povu. Hawaongei. Polepole amefumba macho, machozi yanateremka yanaingia kwenye povu, na Mjomba anayazungukia kwa wembe.

Nikarudi nyuma. Maneno yangu yote niliteremka nayo kama nilivyopanda nayo.

Alhamisi, 17 Aprili

Polepole amemwita mkaguzi mwenyewe. Mdogo wangu alikuwepo wodini, na amenisimulia neno kwa neno, kwa sababu wauguzi husikia kila kitu.

"Balbu nilitoa mimi," alisema. "Mwenye gari aliniambia nichague taa au kazi. Akaniambia fundi mkuu ameshalitazama gari, amesema si kitu, angeitoa mwenyewe ila ana kazi nyingi. Nikasema basi, kama fundi mkuu amesema. Lakini moyo ulikataa. Nikawa naongeza mafuta ya breki kila asubuhi, kwa chupa, kabla abiria hawajafika. Siku ile niliitwa mapema kufanya safari ya ziada. Sikuongeza."

Mkaguzi akamwambia, "Unajua leseni yako inakwenda?"

"Najua. Iende."

Mwenye gari alikuwa mlangoni na kikapu cha matunda. Mdogo wangu anasema alikiweka chini taratibu, akageuka, na hakuna aliyekigusa mpaka jioni. Nilitaka kufurahi kwamba ameumbuka. Lakini aliniambia pia kwamba mama yule alikaa kwenye ngazi za hospitali peke yake, mwavuli umefungwa, mvua inamnyeshea, na hilo limenikaa vibaya.

Jumatatu, 21 Aprili

Wametoa utepe. Tumefungua lango leo, tukafagia tope lililoingia, tukachemsha chai. Mafundi walipoondoka nilimfuata Mjomba ofisini, nikafunga mlango.

"Nisamehe, Mjomba."

Aliinua mkono kunizuia, kisha akaushusha. "Kunipigia kelele si kitu. Hata mimi ningepiga. Kilichoniuma ni kwamba uliniona naweza."

 Ndivyo ilivyokuwa: nilimwona anaweza.

"Keti," akasema. Nikaketi. Alichukua muda mrefu kutafuta mahali pa kuweka mikono yake. "Siku ile mama yule alipoingia hapa aliniomba niitoe taa. Unajua nilimjibu nini?"

"Ulikataa."

"Sikukataa. Ningekataa ningetoka na ufunguo wa basi mfukoni, lisingeondoka hapa. Nilimwambia, nitaangalia." Alilirudia neno hilo kana kwamba analionja. "Nitaangalia. Nilitaka aondoke tu, mvua inanyesha, magari yamejaa uani. Yeye akalibeba neno langu akamkabidhi dereva, na dereva akaniamini. Ile Jumamosi nilipofungua dashibodi nilikuwa na balbu hiyo mbele ya macho. Nikaifikiria. Sikuigusa, lakini niliifikiria, ukaingia, nikashtuka kama mwizi."

Kikohozi kikamshika. Nikamletea maji.

"Kwa hiyo," akasema baada ya kunywa, "hukunionea sana."

Nilimwambia yeye ndiye aliyenionea, kwa kunilea vizuri kiasi kwamba sijui kudanganya, basi nitasema kweli: nimemwona pia akiwa ndani ya pikapu, basi lile nyuma yake. Nimeona yote mawili. Akatazama pembeni, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua, nusu siku. Kila mtu ameanika kitu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zimekwisha, naona. Leo tumekwenda kumtoa Polepole hospitali. Mjomba ameinyoosha pikapu kwa nyundo, nyuma bado imekunjamana, lakini breki amezifunga mpya zote na jana tuliipandisha na kuiteremsha mlima ule mpaka nikachoka kuhesabu kona.

Polepole tulimkalisha mbele, mguu wenye plasta ameunyoosha, magongo kati ya magoti. Mimi nyuma yake, mdogo wangu kando yangu. Mjomba aliweka gia ndogo tangu getini. Hakuna aliyewasha redio. Barabara ilikuwa kavu, na kwenye ukuta wa udongo bado kuna ule mfereji mrefu uliochimbwa na ubavu wa basi. Umeanza kuota majani.

Nilimwona Polepole alivyoshika mlango. Kila Mjomba alipokaribia kona, mguu wake mzima ulikanyaga sakafu ya gari, mahali pasipo na kitu, kwa nguvu zote. Kona inapita, anauachia. Kona nyingine, anakanyaga tena. Mjomba alimwona pia.  Alianza kufunga breki mapema, kidogo kabla ya kila kona, akitazama mguu ule, mpaka ikawa Polepole akikanyaga, gari linapunguza mwendo kweli.

Tuliteremka hivyo mlima mzima, wawili wakiendesha gari moja. Tulipofika darajani Mjomba alisimama kando, akazima injini, akatoka nje akasimama na mgongo wake kwetu, akitazama mto, ili mwenzake alie bila kutazamwa.